Aliyechoka ni Mwelekezaji

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu, wanangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Ina watu wawili wasioona, mji mmoja wa mbali, na kamba fupi kuliko mkono. Iangalieni sana hiyo kamba, maana tutaishika hadi mwisho.

Mji ni Sydney, nchini Australia. Mwaka ni 2000, mwezi wa Oktoba. Michezo ya Olimpiki imekwisha wiki chache zilizopita, na sasa uwanja umewapokea wanariadha wa Paralimpiki, wanamichezo wenye ulemavu kutoka kila pembe ya dunia. Katika mbio za mita 5,000 yumo Mkenya, Henry Wanyoike, mwana wa Kikuyu. Mwaka 1995 kiharusi kilimpokonya uwezo wa kuona. Katika mbio za wasioona, mkimbiaji hukimbia ubavuni mwa mwenzake anayeona, mwelekezaji, na wawili hao huunganishwa na kamba fupi mikononi. Kazi ya kamba ni kupeleka habari tu: kona imeanza, sasa nyooka, kuna mtu mbele yetu. Miguu ni ya mkimbiaji mwenyewe, na pumzi ni yake, na mazoezi ya alfajiri ni yake.

Mbio zikaanza. Wanyoike akatoka kwa kasi, mzunguko baada ya mzunguko, akawaacha wenzake nyuma. Kuelekea mwisho likatokea jambo ambalo halikutarajiwa: mwelekezaji alizidiwa. Yule mwenye macho, aliyepewa kazi ya kumfikisha mwenzake, akaishiwa nguvu njiani. Wanyoike hakuiachia kamba. Akamvuta mwelekezaji wake hadi wakavuka mstari, na medali ya dhahabu ikaja Kenya.

Wengi wakisimulia kisa hiki humsifu Wanyoike kwa moyo wake, na anastahili kila sifa. Mimi leo naomba mtazame mwisho wa pili wa ile kamba. Siku ile asiyeona hakuchelewa. Alikuwa tayari, alikuwa na mbio, alijua anakokwenda. Aliyechoka ni mwelekezaji. Liwekeni neno hilo moyoni, nikuleteeni mtu wa pili.

Huyu anaitwa Bruce Maguire, Mwaustralia, asiyeona tangu kuzaliwa. Alikuwa na kompyuta na aliijua vizuri. Aliisoma kwa vidole. Kuna kifaa ambacho huwekwa karibu na kibodi, chenye safu ya visindano butu vinavyoinuka na kuzama. Kompyuta inapokutana na herufi, visindano huinuka na kuunda nukta nundu za herufi hiyo, zile alama ambazo Louis Braille alizibuni kule Ufaransa akiwa kijana wa miaka 15, mwaka 1824. Msomaji hupitisha vidole juu yake. Akimaliza mstari, visindano huzama na mstari mwingine huinuka. Ni kama kitabu cha mstari mmoja kinachojiandika upya kila mara.

Mwaka 1999 Maguire alitaka kusoma tovuti ya Olimpiki iliyokuwa ikija nchini kwake. Alitaka yale yale mnayoyataka nyinyi kila yanapokuja mashindano makubwa: nani anacheza lini, na nani ameshinda. Akakwama. Picha nyingi kwenye tovuti hazikuwa na maneno nyuma yake, kwa hiyo vidole vyake havikukuta kitu. Kwenye ukurasa wa ratiba hakuweza kuifikia orodha ya michezo. Na majedwali ya matokeo hayakuwa yamejengwa kwa namna ambayo kifaa chake kingeweza kuyapanga. Mwezi Juni 1999 akapeleka malalamiko mbele ya tume ya haki za binadamu ya Australia, akitegemea sheria ya nchi yake ya mwaka 1992 inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu.

Waandaaji wa michezo wakajitetea kwa hesabu. Wakasema kuna violezo 1,295 vya matokeo vya kubadilishwa, kwamba mtu mmoja akifanya kazi saa 8 kwa siku angehitaji siku 368, na kwamba gharama ingefika dola milioni 2.2 za Australia. Wataalamu waliotoa ushahidi upande wa Maguire wakaitazama tovuti ile ile, wakasema ni kazi ya wiki nne hivi kwa kikundi kidogo: mjuzi mmoja na wasaidizi watano hadi kumi.

Tarehe 24 Agosti 2000 tume ikatoa uamuzi. Maguire alikuwa amebaguliwa. Waandaaji wakaamriwa waitengeneze tovuti kabla ya tarehe 15 Septemba, siku ya ufunguzi. Siku ikafika, michezo ikaanza, na kazi ilikuwa imefanywa nusunusu. Novemba mwaka huo wakaamriwa wamlipe Maguire fidia ya dola 20,000.

Hebu hesabuni pamoja nami. Tangu malalamiko hadi ufunguzi ilipita miezi 15. Kazi yenyewe ilikadiriwa wiki nne. Na hata hizo wiki nne zilihitajika kwa sababu tovuti ilikwisha kujengwa na sasa ilibidi ibomolewe na kuungwaungwa. Fundi akiacha nafasi ya mlango anapopanda na ukuta, mlango haumgharimu zaidi. Ukuta ukishakauka, kila mlango ni nyundo na vumbi.

Pengine mtauliza: majedwali ya Sydney yanatuhusu nini sisi? Yalibeba majina yetu. Tarehe 29 Septemba 2000 ilikimbiwa fainali ya mita 1,500. Noah Ngeny wa Kenya akashinda kwa dakika 3 na sekunde 32.07. Hicham El Guerrouj wa Moroko, ambaye wengi walimwekea dhahabu mfukoni kabla ya mbio, akafika kwa 3:32.32. Bernard Lagat wa Kenya akawa wa tatu kwa 3:32.44. Dhahabu ile iliamuliwa na robo ya sekunde.

Mwenye macho akiliona jedwali kama hilo, jicho humpa kila kitu kwa mara moja: hii ni safu ya majina, ile ni safu ya muda, mstari huu ni wa mshindi. Asiyeona hupelekewa kisanduku kimoja kimoja. Jedwali likiwa limechorwa kwa ajili ya macho tu, linamfikia kama mtu anayesoma namba za simu gizani: moja, Ngeny, Kenya, tatu thelathini na mbili sifuri saba, mbili, El Guerrouj… Kwenye jedwali dogo anaweza kubahatisha. Kwenye jedwali la wakimbiaji arobaini na safu saba, anapotea. Lakini fundi akiiambia kompyuta kwamba kisanduku hiki ndicho kichwa cha safu na kile ndicho kichwa cha mstari, msomaji akigusa namba yoyote anaambiwa: "Muda, Ngeny, 3:32.07." Robo ya sekunde ya Ngeny inakuwa mali yake pia.

Hapo mmeanza kuiona kamba.

Kila ukurasa wa tovuti una ngozi na una mifupa. Ngozi ni rangi, picha na mapambo. Mifupa ni maandishi ya kompyuta yaliyo chini yake, yale yanayosema: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo, hiki ni kitufe na jina lake ni fulani. Mwenye macho huiona ngozi. Programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona kwa sauti au kwa nukta nundu, haioni ngozi kabisa. Inashika mifupa. Kwa hiyo ukurasa unaweza kupendeza kama nguo ya sikukuu, na ndani yake usiwe na mfupa hata mmoja.

Niwape kisa cha karibu. Siku moja niliketi na kijana asiyeona, mwanafunzi hodari, akijaza fomu ya kuomba nafasi ya masomo kwenye simu yake. Simu ilimsomea kila alichokigusa, kwa kasi ambayo sikio langu halikuambulia neno. Nilikuwa nikimwomba apunguze ili nimfuate. Jina, tarehe ya kuzaliwa, shule, alama za mtihani, vyote akavijaza kwa nusu saa. Akafika mwisho wa fomu. Kidole kikagusa, simu ikasema, "Kitufe." Akasogeza kidole. "Kitufe." Akasogeza tena. "Kitufe."

"Mwalimu," akaniuliza, "samahani, kipi kati ya hivi ndicho cha kutuma?"

Nikatazama. Kimoja kilikuwa na mchoro wa mshale, kingine alama ya mkasi, cha tatu mchoro wa pipa la taka. Kwa macho lilikuwa jambo la kufumba na kufumbua. Nyuma ya michoro ile hakuna aliyeandika neno. Kama angekuwa peke yake angebahatisha, na kugusa kitufe kisicho chake kungefuta kazi yote ya nusu saa. Nikamwonyesha, akatuma, akanishukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa na uzito moyoni, kwa sababu shukrani ile haikustahili kuwepo. Kijana hakupungukiwa na kitu. Alikuwa amekwisha kukimbia mbio zake zote kunizidi mimi niliyekaa naye. Kilichokosekana ni neno "Tuma" mahali pake. Herufi nne.

Hivi ndivyo mwelekezaji anavyochoka kwenye tovuti. Mara nyingi hakuna ubaya wala chuki. Fundi mmoja tu, mbele ya skrini yake, ameona mshale na kudhani kila mtu ameuona.

Na kamba hii haiwaelekezi wasioona pekee. Yuko ambaye mikono yake inatetemeka, au hana mikono, na hawezi kushika kipanya cha kompyuta. Yeye hutumia kibodi, au swichi moja anayoibonyeza kwa kichwa, au kijiti anachokishika mdomoni. Anatembea kwenye ukurasa kwa kitufe cha Tab, hatua kwa hatua, kutoka kiungo hadi kiungo, akifuata mstari unaozunguka mahali alipo. Mafundi wengi huuondoa mstari huo wakisema unaharibu urembo, na mtu huyo hubaki hajui amesimama wapi. Wengine huchora kisanduku, wakakipaka rangi kikafanana na kitufe, lakini ndani yake si kitufe. Tab inakipita kama haikukiona. Huo ni mlango uliochorwa ukutani kwa chaki.

Yuko kiziwi, ambaye video ya maelezo ya hospitali ni midomo inayochezacheza tu mpaka mtu aweke manukuu chini yake. Yuko asiyetofautisha nyekundu na kijani, anayeambiwa na fomu, "Sahihisha sehemu zenye rangi nyekundu," naye haoni tofauti yoyote. Yuko mwenye uoni hafifu, anayeletewa maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Yuko ambaye akili yake husoma taratibu, ambaye fomu humfungia muda kabla hajamaliza, na sentensi ndefu zenye maneno ya kiofisi humzungusha kama kinyozi asiyejua aanzie wapi.

Tazameni sasa faida inavyowarudia wengine. Maandishi yanayokolea humsaidia mwenye uoni hafifu, na humsaidia pia kila anayesoma simu kituoni, akisubiri daladala chini ya jua la saa saba. Manukuu humsaidia kiziwi, na humsaidia pia aliye kwenye matatu yenye muziki mkubwa. Maelezo ya picha humsaidia asiyeona, na humsaidia pia yule ambaye bando limemwishia na picha hazifunguki, kwa sababu picha isipokuja, maneno yake huonekana mahali pake. Hata hivyo nisiwadanganye: hata kama yangekuwa ya mtu mmoja tu, bado yangestahili kufanywa. Maguire alikuwa mtu mmoja.

Tulichozoea kwetu ni kulipiga tangazo picha na kuipandisha mtandaoni. Tangazo la kufunguliwa kwa shule, la chanjo, la kazi: karatasi yenye muhuri, imepigwa picha, imewekwa kwenye tovuti. Kwa programu ya kusoma skrini, hiyo ni picha moja isiyo na neno. Herufi zote zimo, lakini zimo kama mchanga ulivyo ndani ya picha ya ufukwe. Anayetaka kulitangaza kwa wote aliandike upya kwa maandishi ya kawaida chini ya picha. Ni dakika tano.

Sasa nifike kwenye jambo linaloihusu lugha yetu, ambalo vitabu vingi vya mafundi hulipitia mbio. Juu kabisa ya mifupa ya kila ukurasa pana mahali pa kuandika lugha ya ukurasa huo. Kiswahili kina herufi zake mbili: sw. Programu ya kusoma skrini hutazama pale kwanza ili ijue itumie matamshi gani. Violezo vingi vya tovuti huja na en, yaani Kiingereza, na fundi akisahau kubadilisha, ukurasa wote wa Kiswahili unasomwa na sauti ya Kiingereza.

Jaribuni sentensi hii: "Pole, wale wageni wake wako pale." Kwa Kiswahili haina tatizo. Sasa isomeni kama Mwingereza aliyekutana na herufi hizo hizo: Poul, weil wageni weik weiko peil. Maneno yetu pole, wale, wake na pale, kila moja lina pacha wa sura katika Kiingereza, na pacha huyo ana sauti nyingine. Msomaji asiyeona anapelekewa Kiswahili kilichovunjwavunjwa, inambidi akitafsiri kichwani neno kwa neno huku mashine ikizidi kukimbia. Dawa yake ni herufi mbili. Yeyote anayejenga tovuti ya Kiswahili bila kuandika sw pale juu, ameiandika lugha ya mama kisha akampa mgeni aisome.

Je, haya yote yana sheria? Yanazo. Shirika linaloratibu kanuni za wavuti duniani liliasisiwa mwaka 1994 na Tim Berners-Lee, yule yule aliyeibuni wavuti yenyewe. Mwezi Mei 1999 shirika hilo lilitoa miongozo ya kwanza ya ufikivu, yaani ya kuifanya tovuti imfikie kila mtu. Angalieni tarehe: Mei 1999. Maguire alilalamika Juni. Wino wa miongozo ulikuwa haujakauka, lakini ilikwisha kuandikwa. Toleo la pili likaja mwaka 2008, likayafunga mambo yote katika maswali manne ambayo hata mtoto anaweza kuyakariri. Je, mtu anaweza kukipata kilichomo kwa angalau hisi moja aliyo nayo? Je, anaweza kukitumia kwa mikono aliyo nayo? Je, atakielewa? Na je, kitafanya kazi kwenye vifaa anavyovitegemea? Ndani ya maswali hayo mna vipimo kamili. Kwa mfano, mkolezo wa maandishi ya kawaida dhidi ya rangi ya nyuma yake usipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1.

Mataifa nayo yakaahidi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, unazitaja waziwazi habari na mawasiliano, na intaneti ndani yake, kuwa ni vitu ambavyo watu wenye ulemavu wana haki ya kuvifikia sawa na wengine. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Pamoja na hayo, safari bado ndefu. Kuna shirika moja huko Utah, Marekani, liitwalo WebAIM, ambalo kila mwaka hupitisha mashine ya ukaguzi kwenye kurasa za mbele za tovuti milioni moja. Mwaka 2024 lilikuta makosa ya wazi kwenye asilimia 95.9 ya kurasa hizo. Nilipoisoma namba hiyo nilihuzunika, kisha nikatazama makosa yenyewe. Sehemu kubwa yake ni ya aina sita tu: maandishi yasiyokolea, picha zisizo na maelezo, sehemu za fomu zisizo na majina, viungo vitupu, vitufe vitupu, na lugha ya ukurasa isiyotajwa. Hakuna hata moja linalohitaji profesa. Yote sita mmekwisha kuyaelewa kabla chai haijapoa.

Lakini jihadharini na mtego mmoja. Mashine ya ukaguzi inaweza kukwambia picha ina maelezo, isiweze kukwambia kama maelezo yana maana. Ukiandika "picha" nyuma ya picha, au ukaacha jina la faili, "IMG_4471", mashine inaweza kuridhika, na msomaji asiambulie kitu. Maelezo ya kweli hujibu swali hili: picha hii imewekwa hapa kwa kazi gani? Picha ya Wanyoike kwenye habari ya mbio hizo iandikwe, "Henry Wanyoike akivuka mstari, akimvuta mwelekezaji wake kwa kamba." Picha ya mshale kwenye kitufe iandikwe, "Tuma." Na ua lililowekwa pembeni kwa urembo tu lipewe nafasi tupu kwa makusudi, ili msomaji asisumbuliwe nalo.

Ndiyo maana mkaguzi wa mwisho anapaswa kuwa mtu. Mwite asiyeona, mwite anayetumia kibodi pekee, mwite kiziwi, keti pembeni, unyamaze, umtazame akiitumia kazi yako. Umlipe, kwa sababu huo ni ujuzi. Na umwite mapema, wakati ukuta bado mbichi.

Hata hivyo, kumwita ili akague ni nusu ya njia. Ngojeni niwape na nusu nyingine. Walikuwepo watoto wawili wa Australia, Michael Curran na James Teh, wote wasioona, waliokutana kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Wakakua, wakapenda kompyuta. Zama hizo programu za kusoma skrini ziliuzwa ghali, mara nyingi zaidi ya bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 Curran akaanza kuandika yake, Teh akajiunga naye, na wakaitoa bure kwa dunia nzima. Inaitwa NVDA. Hadi leo ni bure, na imo sauti inayosoma Kiswahili. Watu wengi sana wasioona, na wengi wao katika nchi ambako wengi wasingeweza kununua zile za ghali, wanaitegemea kila siku kusoma, kuandika na kufanya kazi.

Mmeona lililotokea? Kamba yenyewe ilisukwa na wakimbiaji. Wasioona walikuwa wamekwisha kumaliza upande wao. Walikuwa na nukta nundu tangu 1824, wakawa na programu zao, wakawa na vidole vyepesi na masikio yanayosikia kwa kasi ambayo sisi hatuiwezi. Kila kilichohitajika mkononi mwao kilikuwepo. Kilichobaki ni ule mwisho wa kamba ulio mkononi mwa anayejenga ukurasa.

Basi leo usiku, kabla ya kulala, fanyeni mambo mawili. La kwanza, ingieni kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ufikivu, muwashe TalkBack au VoiceOver kufuatana na simu mliyo nayo. Mfumbe macho, mjaribu kusoma tovuti ya shule yenu kwa dakika tano. Muulizeni kwanza mkubwa jinsi ya kuizima, maana ikishawaka simu huguswa kwa namna nyingine. La pili, kwa mwenye kompyuta, sogezeni kipanya mbali, mtembee kwa kitufe cha Tab peke yake. Mnaposimama msijue mlipo, andikeni mahali hapo kwenye daftari. Kesho mpelekeeni anayeitunza tovuti hiyo, kwa adabu, mkimwambia: hapa kamba imekatika.

Na siku moja baadhi yenu mtakuwa nyinyi mnaozijenga. Mtakuwa na haraka, bosi atakuwa simuni, na mtasema maelezo ya picha tutayaweka baadaye. Hapo kumbukeni kanuni moja ya mbio za wasioona ambayo sikuwaambia mwanzoni. Mwelekezaji haruhusiwi kuvuka mstari kabla ya mkimbiaji wake. Akimtangulia, wote wawili wameshindwa. Tovuti iliyokamilika kwa wenye macho tu haijavuka mstari, hata ikipigiwa makofi.

Hadithi yangu inakoma hapa. Kamba sasa iko mikononi mwenu; msichoke.